Tukiwapeleka wazazi India kutibiwa, tusiiache treni iwe jambo la mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumze na familia za hapa Moshi, pamoja na jirani zetu wa Arusha, zinazojiandaa kumpeleka mzazi India kwa matibabu. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, vya kwetu na vya majirani, na mwenendo wake haubadiliki sana. Barua ya rufaa hujadiliwa, viza ya matibabu hujadiliwa, nauli ya ndege hukokotolewa hadi shilingi ya mwisho, michango husomwa jina kwa jina, kisha watu wakiwa wameanza kunyanyuka mmoja husema kwamba wakishafika kule watapanda treni. Hapo kikao kimefungwa. Treni yenyewe inaweza kuwa safari ya usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana, na atakayelala humo ni mzee wa miaka sabini na ushee ambaye ametoka kushuka kwenye ndege na miguu imemvimba.

Ninachoomba ni kwamba tiketi ya treni ya mzazi ichaguliwe kwa kuangalia hali ya mwili wake kwanza na bei baadaye, tena ichaguliwe katika kikao kile kile kinachopanga ndege. Shirika la reli la India lina kanuni zinazomsaidia mzee kupata mahali pazuri pa kulala, lakini hazimsaidii mtu asiyezijua, na nyingine zinamnyima nafasi kwa sababu tu ya jinsi mtoto wake alivyojaza fomu.

Niseme mapema kwamba si kila mgonjwa anahitaji treni ndefu. Anayeondokea uwanja wa ndege wa KIA na kupitia Addis Ababa au Doha anaweza kushuka Chennai, kusini mwa India, moja kwa moja, na akiwa anakwenda Vellore, mji wenye hospitali kubwa, atakuwa amebakiza kilomita 130 hivi za reli, yaani saa mbili za kukaa kwenye kiti kizuri. Hiyo ni safari ya kawaida ambayo haihitaji barua gazetini. Tatizo liko kwa wanaoshukia Mumbai, ama kwa sababu nauli ya ndege ilikuwa nafuu, ama kwa sababu yupo ndugu wa kuwapokea, halafu wanataka kwenda kusini kwa reli. Kutoka Mumbai hadi Chennai ni zaidi ya kilomita 1,200, na treni nyingi huchukua karibu siku nzima na usiku wake. Kwa mgonjwa asiyeweza kukaa wima muda mrefu, kitanda cha treni chaweza kuwa bora kuliko kiti cha ndege. Kwa yule anayehitaji oksijeni, au asiyeweza kupanda vidato vitatu vya behewa hata akishikwa mikono, familia itafute ndege ya ndani na iache ubahili.

Wengi wetu huku tunaijua treni kwa ile ya Dar es Salaam, iliyorudi kuleta abiria Moshi Desemba 2019 na kufika Arusha Oktoba 2020, au kwa SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza 2024. Tukisikia kulala tunafikiria daraja la pili kulala, chumba chenye mlango, ambamo kwa kawaida wanawake huwekwa kwao na wanaume kwao. India sivyo. Ukiacha daraja la kwanza lenye kiyoyozi, ambalo lina vyumba vya milango, mabehewa mengine ya kulala yako wazi kwenye korido, na mama yako anaweza kujikuta analala mkabala na mwanamume asiyemjua. Hakuna anayeliona hilo kuwa ajabu kule, na mabehewa yenye kiyoyozi hupewa shuka, mto na blanketi, lakini mama aelezwe akiwa bado nyumbani. Mama wa Kichaga wa umri ule akishtukizwa na jambo kama hilo saa tano za usiku hatalala, na kesho yake ndiyo siku ya kumwona daktari.

Sasa nije kwenye vitanda vyenyewe, maana ndipo fedha na afya zinapokutana. Katika daraja la pili lenye kiyoyozi, linaloandikwa 2A kwenye tiketi, kila kikato kina vitanda vinne, viwili chini na viwili juu, na ng'ambo ya korido viko viwili vingine vya pembeni, kimoja juu ya kingine. Katika daraja la tatu lenye kiyoyozi, linaloandikwa 3A, kati ya kitanda cha chini na cha juu kinaning'inizwa cha tatu, ambacho mwenye nacho ana haki ya kukifungua kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kikishafunguliwa, aliyeko chini hawezi tena kuketi wima. Anaweza kulala tu. Mweka hazina wa familia akitazama bei mbili hizi ataona tofauti ya fedha na kuchagua 3A, na kwa kijana mzima yuko sahihi kabisa.

Baba yangu ana tatizo la kifua na hulala akiwa ameegemea mito miwili. Tulimkatia 2A, kitanda cha chini, na kuanzia usiku wa manane alijiinua akaegemea ukuta upande wa dirisha, miguu ameinyoosha, blanketi begani, akakaa hivyo hadi kukapambazuka bila kumsumbua mtu wala kusumbuliwa. Katika 3A angekuwa na ubao wa mtu mwingine juu ya kichwa chake kwa saa nane. Nilimtazama pia kijana mmoja akipanda kitanda cha juu: anakanyaga kidato chembamba cha chuma, anashika ukingo, anajivuta kwa mikono, kisha anageuza kiuno angani kabla ya kulala. Hakuna mzee mwenye magoti mabovu atakayefanya hivyo mara tatu usiku kwa ajili ya kwenda msalani, na wazee wetu wenye sukari au tezi dume ndio hasa wanaokwenda mara tatu.

Kwa hiyo kitanda cha chini ndicho cha kupigania, na lipo fungu maalumu la vitanda hivyo kwa ajili ya wazee. Wanaostahili ni wanaume wa miaka 60 na kuendelea na wanawake wa miaka 45 na kuendelea. Si vingi, kwa kawaida vitatu au vinne kwa behewa la 2A, na vinne au vitano kwa behewa la 3A. Lakini masharti yake ndiyo yanayowakosesha watu wengi. Fungu hilo ni la msafiri anayekata peke yake, au wawili kwenye tiketi moja ambao wote wawili wametimiza umri huo. Ukimwandika mama wa miaka 72 pamoja na mwanawe wa miaka 30 kwenye tiketi moja, mfumo haumwingizi mama katika fungu hilo. Wote wawili wanatupwa kwenye mgao wa kawaida, na mama anaweza kupewa kitanda cha juu huku umri wake ukiwa umeandikwa wazi kabisa pale pale.

Jambo hili lingepaswa kubadili hata uamuzi wa nani amsindikize mgonjwa. Huku kwetu huchaguliwa kijana mwenye nguvu anayejua Kiingereza na asiye na ajira ya kuombea ruhusa. Hana ubaya, atabeba mizigo. Hata hivyo India hutoa viza ya wasindikizaji kwa watu wawili kwa kila mgonjwa, na familia ambayo ina dada mkubwa aliyevuka miaka 45 ingefanya vyema kumtuma yeye na kumwandika kwenye tiketi moja na mzazi, kwa kuwa wote wawili wanakuwa na sifa ya kuomba vitanda vya chini, tena kwenye tiketi moja, jambo linaloongeza uwezekano wa kuwa karibu. Kijana, akiwepo, akatiwe tiketi yake. Ikiwa msindikizaji ni kijana peke yake, kuna njia ya pili: katika mgao wa kawaida, tovuti ya IRCTC inayouza tiketi za reli ya India humruhusu mnunuzi kuchagua kwamba tiketi ikatwe pale tu ambapo angalau kitanda kimoja cha chini kinapatikana. Kikikosekana, tiketi haitoki, na unatafuta treni ya siku nyingine ungali nyumbani kwako Pasua au Sakina ukinywa chai.

Umri unaojazwa uwe ule ulio kwenye pasipoti. Nalisema hili kwa sababu wazee wetu wengi wana umri wa aina mbili, ule wa pasipoti na ule mzee anaoujua mwenyewe kwa kukumbuka mvua fulani au mchungaji fulani aliyembatiza, na mtoto mwenye heshima huandika ule aliosikia tangu utotoni. Mkaguzi ndani ya treni anataka kitambulisho halisi, na kwa mgeni kitambulisho hicho ni pasipoti. Ikae kwenye mkoba wa mkononi wa msindikizaji, isifungiwe kwenye begi lililosukumwa chini ya kitanda. Kuhusu punguzo la nauli kwa wazee ambalo bado linasimuliwa na waliokwenda zamani, lilisitishwa Machi 2020, hivyo bajeti isilitegemee.

Jambo linaloniudhi zaidi ni orodha ya kusubiri. Jirani yangu mmoja alikatiwa tiketi na wakala ambaye sitamtaja, akalipa fedha kamili, akapewa karatasi yenye jina lake, jina la mama yake, jina la treni na namba ya tarakimu kumi inayoitwa PNR. Karatasi ilikuwa na kila dalili ya tiketi. Mahali pa kitanda paliandikwa WL na namba mbele yake, na hakuna aliyemweleza kwamba herufi hizo mbili maana yake hana nafasi. Tiketi ya mtandaoni iliyobaki WL hadi orodha ya mwisho ya abiria inapoandaliwa hufutika yenyewe, fedha hurudishwa kwa aliyelipa, na mwenye karatasi haruhusiwi kupanda. Fedha zilirudi kwa wakala, naam, huku mama akiwa ameketi juu ya sanduku kwenye stesheni ya mji asioujua. Ipo hali nyingine ya katikati, RAC, ambayo inakuruhusu kupanda lakini kitanda kimoja cha pembeni mnagawana watu wawili mkiwa mmeketi, hadi mwingine aghairi safari. Kwa kijana hilo linavumilika. Kwa mzazi mgonjwa, herufi pekee za kukubali ni CNF, yaani nafasi imethibitishwa, na familia idai kuziona kwa macho yake kabla ya kutoa fedha ya mwisho.

Njia ya kuikwepa orodha hiyo ni kuwahi. Tangu Novemba 2024 tiketi za treni nyingi za masafa marefu hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, zamani zilikuwa 120, na katika njia zenye watu wengi vitanda vya chini huisha mapema. Lipo pia fungu dogo la watalii wa kigeni katika baadhi ya treni na madaraja, ambalo hufunguliwa hadi siku 365 kabla. Wapo watakaokuambia usihangaike, kuna tiketi za dharura ziitwazo Tatkal zinazouzwa siku moja kabla. Tangu Julai 2025 tiketi hizo mtandaoni huuzwa kwa mwenye akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho cha Wahindi, na hata ukiipata kupitia mtu mwingine, ikishathibitishwa kitanda ukiifuta hurudishiwi kitu. Kumwekea mgonjwa tegemeo hilo ni kucheza kamari.

Majina ya stesheni nayo yanapoteza watu. Anayekwenda Vellore asitafute treni ya kumfikisha stesheni yenye jina la Vellore. Treni kubwa husimama Katpadi Junction, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa gari hadi hospitali. Mumbai ina stesheni kuu kadhaa zilizo mbalimbali, na Mumbai Central siyo ile ya Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, inayoandikwa CSMT, wala hizo mbili siyo Lokmanya Tilak Terminus. Ajabu ni kwamba uwanja wa ndege wa kimataifa wa Mumbai nao umepewa jina la huyo huyo Chhatrapati Shivaji Maharaj, kwa hiyo msafiri mgeni anaweza kuona jina moja kwenye tiketi ya ndege na ya treni akadhani atavuka barabara tu. Ni safari ya gari ya kilomita nyingi katika foleni ya Mumbai.

Tarehe isomwe mara mbili. Treni inayoandikwa kuondoka 00:20 tarehe 14 ni ile ambayo sisi tungesema ya saa sita na dakika ishirini usiku wa kuamkia tarehe 14, maana yake unatakiwa uwe stesheni tarehe 13 baada ya chakula cha jioni. Anayejiandaa tarehe 14 jioni ameikosa kwa karibu siku nzima.

Siku ya safari haina mengi, ila urefu wa treni usidharauliwe. Treni ya mabehewa 22 inazidi nusu kilomita, na kumtembeza mzee kutoka mkiani hadi kichwani kwenye jukwaa lililojaa watu na mizigo ni kumchosha kabla hajaketi. Ubao wa jukwaani huonyesha behewa lenu litasimama wapi. Behewa lenye alama A1 ni la 2A, na lenye B1 ni la 3A. Stesheni kubwa zina viti vya magurudumu, na nyingine zina vigari vya betri vya kubebea wazee, na makuli wenye mashati mekundu watabeba mizigo kwa bei ya kuelewana kabla, kama ilivyo stendi yetu. Kwenye stesheni ndogo treni husimama dakika mbili au tatu, hivyo mgonjwa aamshwe mapema na apelekwe karibu na mlango treni ikiwa bado inakwenda, huku mtu amemshika.

Tiketi ya kurudi ni suala tofauti na hapa nakubaliana na wanaosubiri. Daktari anaweza kuongeza wiki mbili kwa neno moja, na ada ya kufuta tiketi hupanda kadiri saa ya kuondoka inavyokaribia. Afadhali familia iache akiba ya nauli ya kurudia, kisha ikate mara daktari anapotaja siku ya kuruhusiwa, ikibidi kwa kusubiri siku chache hadi kitanda cha chini kipatikane.

Mwisho nina ombi kwa mawakala wa safari wa Moshi na Arusha, ambao wengi wao ni watu waungwana wanaofanya kazi kwa haraka. Fomu zenu zinauliza jina, namba ya pasipoti na namba ya simu. Ziongezewe mstari unaouliza kama msafiri anaweza kupanda kitanda cha juu, na mwingine unaouliza umri wa anayemsindikiza. Tiketi ikishatoka, nakala yake ikabidhiwe familia siku hiyo hiyo, PNR ikisomeka, na hali ya kitanda ielezwe kwa Kiswahili, ili mtoto yeyote, awe Mwanza au Dar es Salaam, aweze kuiingiza namba hiyo mtandaoni na kuona mwenyewe mama yake amepewa kitanda gani.

Wako,
Msomaji wa Kiboriloni,
Moshi